Mafuta Hayaponi

Namba ilikuwa nne. Nyawira hakuiamini, akaosha vyombo vyote upya kwa mikono yake mwenyewe, akachota mafuta mengine, akaanza tena. Alidondosha dawa kutoka kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye mistari, tone moja moja, akiitikisa chupa ya kioo huku na huku mpaka ile buluu iliyokoza ikafifia na kutoweka. Akainama kusoma mstari. Nne. Mara ya tatu ikawa nne na nukta moja, na hapo akaiweka chupa mezani kwa kishindo. Vyombo alivyovitunza miaka kumi na moja vilikuwa vimehamia upande wa watu waliotaka kumdanganya.

Mlangoni mwa maabara alisimama Ken, mtoto wa mwenye kiwanda, mikono mfukoni.

"Si nilikuambia, Anti? Imepona."

"Mafuta hayaponi, Ken."

"Lakini namba imesema."

"Toka kwa mlango. Unaniziba mwanga."

Ken alicheka, akaondoka polepole, kama mtu aliyekwisha kushinda.

Yalikuwa mafuta ya avokado, tani tisa, ndani ya tanki la tatu nyuma ya kiwanda. Kiwanda chenyewe kilikuwa nje kidogo ya Karatina, ukiteremka kutoka barabara kuu, kati ya mashamba ya kahawa. Mzee Moffat alikianza na mtambo mmoja wa kukamua, wakati ambapo wakulima wengi wa pale walikuwa bado wanawalisha ng'ombe avokado zilizoanguka. Hakujua lolote juu ya mafuta. Alimwendea Nyawira, ambaye siku hizo alikuwa mtunza maabara katika shule moja ya wasichana, akamwambia, "Mimi najua kukamua. Kama kile nimekamua ni kizuri, hiyo sijui. Kuja uwe unaniambia." Nyawira akaja. Tangu hapo hakuna debe lililotoka getini bila saini yake kwenye cheti, na wateja walizoea kuitafuta saini hiyo kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Tanki la tatu liliharibika kwa uzembe ambao Nyawira aliuona ukija na kuupigia kelele tangu mwanzo. Ken alikuwa amerudi nyumbani mwaka uliopita, akapewa kusimamia uzalishaji. Aliuza nusu ya mafuta ya tanki hilo, akaiacha nusu nyingine humo humo, juu yake hewa tupu. Mitungi ya naitrojeni, ile gesi ya kuifukuza hewa, ilipokwisha, akasema itanunuliwa mwezi ujao, na mwezi ujao ulipofika akasema maneno yale yale. Bomba la kutolea mafuta lilipoanza kuvuja, akaweka jipya la shaba, kwa sababu ndilo lililopatikana dukani siku hiyo. Nyawira alimwambia kwamba shaba haitakiwi kabisa kugusana na mafuta, kwamba inayafanya yaharibike haraka mara nyingi zaidi. Ken akasema bomba ni bomba. Ukaja mwezi wa kwanza, ukaja wa pili, jua likawa linapiga mabati tangu asubuhi mpaka jioni, na siku Nyawira alipofungua kifuniko achukue sampuli, harufu iliyompiga usoni ilikuwa ya kopo la rangi ya mlango lililoachwa wazi. Alipima, akapata ishirini na sita. Kikomo cha kiwanda kilikuwa kumi. Akaandika kwa wino mwekundu, YASIUZWE, akaamini mambo yameishia hapo.

Sasa ilikuwa mwezi wa nne, mvua imeanza, na mafuta yale yale yalikuwa yanampa nne.

Hakuhitaji kuuliza Ken amefanya nini. Watu wa boila walikwisha kumnong'oneza. Tanki lilipashwa moto kwa mvuke siku mbili mfululizo, mafuta yakachujwa kwa udongo mweupe wa kuondoa rangi, mwishowe yakatiwa harufu ya ndimu. Nyawira alichovya kidole, akaonja. Ndimu ilitangulia. Nyuma yake, kule ulimi unakoanzia, ule ukali ulikuwepo, unakwaruza koo.

Akavua koti jeupe, akapanda ngazi hadi ofisini.

Mzee Moffat alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya chini, mzee wa kanisa ambaye hakuna mfanyakazi aliyewahi kumsikia akifoka. Ken alikuwa amemtangulia Nyawira, amekaa kwenye kiti cha wageni.

"Nimesikia ni nne," alisema Mzee Moffat. "Tumshukuru Mungu."

"Mzee, usimshukuru bado. Hiyo mafuta ni mbaya kuliko ile nilikuonyesha mwezi wa pili."

"Inakuwaje mbaya na namba imeshuka?"

Nyawira alivuta pumzi. Jambo hili alikuwa amelieleza mara nyingi kwa wageni waliotembelea kiwanda, na Mzee Moffat alikuwa akisimama kando yake akitikisa kichwa kwa kuelewa.

"Hewa ikishika mafuta, kitu cha kwanza kinazaliwa kinaitwa peroksaidi. Hicho ndicho napima. Lakini peroksaidi haikai. Ukiipasha moto inavunjika, na ikivunjika haiendi mbali, inageuka vitu vingine, aldehidi na jamaa zake. Hizo ndizo zinanuka. Hizo ndizo zinakwaruza koo, na hizo si chakula cha mtu. Kipimo changu hakizioni hata kidogo. Ken amechemsha mafuta siku mbili. Ametoa kile naona, akaacha kile sioni."

"Ati kile hauoni," alisema Ken. "Sasa tunapima na macho ama tunapima na imani?"

"Kuna kipimo cha pili. Kinafanywa Nairobi, wiki mbili majibu yanakuja. Nipeni hizo wiki mbili tu."

"Wateja wanangoja debe zao, Anti."

Nyawira hakumtazama. Alikuwa anamtazama Mzee Moffat, na Mzee Moffat alikuwa anatazama kalamu iliyokuwa mezani.

"Nyawira, cheti chetu kinauliza namba ngapi?"

"Moja."

"Na hiyo moja ni ngapi?"

"Nne."

"Nani amepima?"

"Ni mimi."

"Basi andika nne. Mimi sijakuambia uandike uongo."

Nyawira alihisi joto likimpanda shingoni mpaka masikioni. Angemwambia aandike tisa mahali pa ishirini na sita, angejua la kufanya. Uongo wa namna hiyo mtu anaukataa na kwenda zake. Lakini huyu alikuwa anamwomba aseme ukweli, ukweli mtupu, neno moja ambalo kila mtu atakayelisoma ataelewa vibaya. Na alimwomba kwa sauti ile ya upole ya kanisani.

"Sisaini," alisema.

"Hujachukua likizo miaka mitatu," alisema Mzee Moffat. "Nenda upumzike. Ukirudi tutaongea tukiwa tumetulia."

"Mimi nimetulia."

"Nenda, mama."

Alirudi maabara, akaandika kwenye daftari la vipimo: Nne. Yamepashwa moto. Yasiuzwe mpaka kipimo cha pili. Akafunga mlango, akampa mlinzi ufunguo, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani huku mvua ikimnyeshea, maana alijua akimsubiri mtu wa kumbeba ataongea, na akiongea atapiga mayowe.

Nyumbani mumewe, Wahome, alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Lakini si wewe mwenyewe ulipata nne?"

Nyawira alikuwa anaosha sufuria. Aliiacha ndani ya maji, akatoka nje, akakaa kwenye zizi la mbuzi zaidi ya nusu saa. Kama Wahome, aliyeishi naye miaka kumi na sita, aliishikilia ile nne, dunia nzima itaishikilia.

*

Simu ilikuja katikati ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, akiwa anapalilia viazi. Alikuwa Jayshree, mwenye duka la vitafunio mjini Nyeri, mwanamke wa miaka sitini aliyezaliwa mji huo huo na kukaanga chevda na gathia humo maisha yake yote. Alikuwa mteja wa kwanza kabisa wa kiwanda. Yeye na Nyawira walikuwa wakiitana kwa majina ya mabinti zao, Mama Shiro na Mama Sapna. Siku hiyo Jayshree hakumwita Mama Shiro.

"Nyawira. Kuja dukani. Leo."

"Kuna nini, Mama Sapna?"

"Siwezi kusema kwa simu. Nikisema kwa simu nitakutukana."

Nyawira alibadilisha viatu, akaenda.

Jikoni nyuma ya duka kulikuwa na debe la lita ishirini lenye picha ya mlima, nembo ya kiwanda, limefunguliwa, na jingine ambalo bado lilikuwa na muhuri wake. Juu ya lile lililofunguliwa kulikuwa na karatasi. Jayshree hakumkaribisha kiti. Aliinua debe kwa mikono miwili, akamimina mafuta ndani ya karai, akawasha gesi.

"Ngoja," alisema.

Wakangoja. Ndimu ndiyo iliyopanda kwanza, ikaruka, ikaisha. Kisha povu dogo dogo likaanza kukusanyika kandokando, povu ambalo mafuta mazuri hayana, na moshi ukaja mapema kabla karai haijapata moto wa kutosha hata wa kukaanga papadi. Harufu ikajaa jikoni. Rangi ya mlango. Samaki wa jana. Nyawira alifunika pua kwa mkono.

"Funika," alisema Jayshree. "Mimi sikufunika. Wiki jana Sapna ameolewa. Watu wa bwana wake wametoka Nanyuki, watu themanini. Nilikaanga kila kitu mimi mwenyewe, hata bwana wangu Harshad nilimkataza kuingia jikoni. Nikaweka kwa mikebe siku tatu. Siku ya harusi mama mkwe wake akachukua kidogo, akatafuna, akatoa kitambaa, akatema ndani. Mbele ya kila mtu. Halafu akakunja kitambaa vizuri, akaweka kwa mkoba. Hakusema kitu. Afadhali angesema."

"Mama Sapna, hii harufu... siku ya kukaanga hukuisikia?"

Alijuta kuuliza kabla hajamaliza. Jayshree alizima gesi, akageuka. Macho yake yalikuwa makavu.

"Nilisikia. Mimi nimekaanga miaka arobaini, nisisikie? Nilisikia nikasimama. Nikachukua hii karatasi, nikaona jina lako. Nikasema, Jayshree, pua yako imezeeka. Nyawira hawezi kukosea." Akamsukumia karatasi kifuani. "Niliamini jina lako, nikaacha kuamini pua yangu. Ndiyo nimekuita uone."

Nyawira aliisoma. Namba: nne. Chini yake, saini yake. Haikuwa ya kuigiza. Ilikuwa yake hasa, na ule mkia wa mwisho anaoupinda juu, imenakiliwa kutoka cheti cha zamani na kubandikwa hapo kwa kompyuta, maana pembeni ulionekana ukingo mwembamba wa kivuli. Tarehe ilikuwa kumi na nane ya mwezi wa nne. Siku hiyo alikuwa nyumbani siku ya sita, anapanda viazi hivi hivi alivyoviacha asubuhi.

"Hii si mimi nilisaini," alisema, na akasikia jinsi maneno hayo yalivyo madogo.

"Mimi nitajuaje?"

"Nilikataa. Walinitoa kwa sababu nilikataa."

"Ulikataa mwezi wa nne?"

"Mwezi wa nne."

"Na simu yangu unayo."

Wiki tano Nyawira alikuwa amelima, amenuna, amewakasirikia Moffat na Ken na Wahome, akiamini kwamba bila yeye mafuta hayo hayawezi kutoka. Hakuwahi kufikiria kumpigia simu hata mteja mmoja. Hasira yote aliyokuwa nayo ilipata mahali pengine pa kuchoma, ndani, na ilichoma vibaya zaidi.

"Uko na gari?" aliuliza.

"Iko nje."

"Beba hilo debe limefunguliwa. Lile lingine usiliguse, muhuri ubaki hivyo hivyo. Twende Karatina."

*

Jayshree aliendesha mwenyewe ile pikapu ya duka. Njia nzima hawakusemezana. Walikuwa wanawake wawili waliokasirikiana, wanaokwenda kumkasirikia mtu wa tatu, na kila mmoja aliogopa kwamba akifungua mdomo atatumia hasira inayohitajika mbele. Debe liligongagonga nyuma kila walipopita tuta.

Ilikuwa siku ya kupokea avokado. Uwanja wa kiwanda ulijaa kreti na wakulima kama arobaini wakingoja mizani. Mzee Moffat alikuwa katikati yao, anasalimiana, anauliza habari za wajukuu. Ken alikuwa kwenye mizani na karatasi zake. Alipomwona Nyawira anashusha debe, Mzee Moffat aliwaacha wakulima, akamwendea.

"Nyawira," alisema Mzee Moffat. "Tupande ofisini."

"Ofisini nilikuja mwezi wa nne. Leo tutaongea hapa."

Alitoa kijiko cha kulia alichokuwa amekichukua jikoni kwa Jayshree, akakijaza mafuta, akamnyooshea. Kila mgeni aliyewahi kufika pale, awe wa benki au wa serikali, alikuwa amemwona Mzee Moffat akinywa kijiko cha mafuta yake mwenyewe na kulamba midomo. Wakulima walikijua kitendo hicho. Walisogea.

"Kunywa, Mzee."

"Hii ni nini?"

"Ni yako. Iko na picha ya mlima. Iko na jina langu. Kunywa."

Mzee Moffat alikipokea kijiko. Huenda hakujua afanye nini kingine mbele ya watu wote wale. Alikiinua mpaka karibu na mdomo, na hapo mkono ukasimama. Nyawira aliona pua yake ikijikunja, aliona koo lake likikataa. Kijiko kikashuka.

"Toa hii kitu mbele yangu," alisema.

"Hauwezi kunywa?"

"Nyawira."

"Watu themanini walikula! Huyu mama alikaangia wageni wa harusi ya mtoto wake na hii, kwa sababu aliona saini yangu. Nani aliweka saini yangu?" Sauti yake ilikuwa imepanda mpaka akasikia inarudi kutoka kwenye mabati. "Niulize mara ngapi? Nani aliandika jina langu kwa hii uchafu?"

"Si mimi," alisema Mzee Moffat, taratibu, na bila kutaka akamtazama mwanawe.

Ken alikuwa ameikunja karatasi ya mizani mpaka imekuwa ndogo kabisa. "Namba ilikuwa nne," alisema. "Na ni yeye alipima. Saini ni kitu ya ofisi tu. Mimi nilimsaidia kumaliza kazi yake."

Jayshree alimsogelea. Hakufika hata begani mwa Ken. "Rudia," alisema. "Sema tena ni kitu ya ofisi, watu wasikie."

Ken alirudi nyuma mpaka akagonga mizani.

Mkulima mmoja mzee, Wakiuru, mwanamke aliyekuwa akileta avokado pale tangu kiwanda kifunguliwe, alipenya katikati ya watu, akachovya kidole ndani ya debe, akaonja. Alitema chini, karibu na viatu vya Mzee Moffat.

"Mimi napanda mti, naupalilia, nachuma na mikono nisiangushe hata moja," alisema. "Nikiangusha moja, huyu kijana wako anaikataa, ananiambia imepondeka. Kumbe hii ndiyo mnafanya nazo?"

Hakungoja ajibiwe. Aliinama, akabeba kreti yake ya kwanza, akaanza kuirudisha kwenye mkokoteni. Mwingine akafuata. Hawakupiga kelele, hawakuvunja kitu. Walibeba tu, kreti baada ya kreti, huku Ken akiita majina yao mmoja mmoja na hakuna aliyeitika. Mzee Moffat alibaki amesimama na kijiko mkononi.

Nyawira aliingia ofisini bila kubisha, akachukua orodha ya wateja waliopelekewa mafuta ya tanki la tatu, akakaa kwenye kiti cha Mzee Moffat na kuanza kupiga simu. Alianzia Kutus, akaenda Murang'a, akamalizia Naro Moru. Kwa kila mmoja alisema maneno yale yale: Mafuta yenye picha ya mlima, ya mwezi wa nne, msipikie. Saini si yangu. Wengine walimshukuru. Wengine walimtukana, naye akawaacha watukane mpaka wamalize, kisha akarudia tarehe ili waiandike vizuri.

Huko Naro Moru, katika shule moja ya bweni, mtunza stoo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tulipata debe nne," alisema.

"Zimebaki ngapi?"

"Hakuna, madam. Tulimaliza wiki iliyopita. Ilikuwa ya maharagwe na kabichi."

"Watoto walikuwa sawa?"

"Wengine walilia tumbo. Lakini watoto wa shule wanalia tumbo kila wakati."

Aliiweka simu chini, akatazama ukuta. Hakuna kipimo Nairobi wala popote ambacho kingemwambia ni tumbo la nani liliuma kwa sababu ya tanki la tatu na la nani liliuma kwa sababu ni mtoto wa shule tu. Hilo ndilo lililomkasirisha kuliko kitendo cha saini. Saini angalau ilikuwa kwenye karatasi. Lile la watoto lilikuwa limeliwa na kupotea, na Ken angeweza kusema maisha yake yote kwamba halikutokea.

*

Lile debe lenye muhuri alilipeleka kwa afisa wa afya, naye akalituma Nairobi. Majibu yalikuja kwa wakati uliotarajiwa. Kipimo cha kwanza, tatu na nukta nane. Cha pili, ambacho hakikupaswa kuzidi ishirini, sitini na nane. Afisa alisoma karatasi, akauliza mbona zinapingana. Nyawira akamweleza kwamba hazipingani hata kidogo, na safari hii alieleza polepole, akachora, mpaka yule mtu akasema, "Kumbe ile ya kwanza ikishuka inaweza kuwa ndiyo habari mbaya." Tanki likafungwa kwa utepe. Mafuta yaliyorudishwa yakachukuliwa na watu wa kutengeneza sabuni ya kufulia.

Mwezi wa saba, siku ya baridi na manyunyu, Mzee Moffat alifika nyumbani kwa Nyawira. Alikuja peke yake, amevaa koti la kanisani, akakaribishwa chai na Wahome. Alisema wakulima wengi hawajarudi. Alisema amempeleka Ken shamba la kahawa, hatakanyaga kiwandani tena. Alisema maabara imenunuliwa vyombo vya kipimo cha pili na kwamba anamtaka Nyawira arudi, asimamie ubora wote, asiulizwe na mtu yeyote, hata na yeye mwenyewe.

"Nilikosa," alisema. "Nilijua harufu. Nilijua tangu ile siku ofisini. Nilitaka tu namba iwe kweli."

Wahome alimtazama mkewe kwa matumaini. Nyawira aliweka kikombe chini.

"Nataka kitu kimoja, Mzee. Andika barua kwa wateja wote. Sema mafuta ilikuwa mbaya, sema mimi nilikataa, sema saini yangu iliibwa. Na useme aliyeiba ni nani, kwa jina."

Mzee Moffat alisugua magoti yake.

"Hiyo ya kwanza nitaandika. Hata leo. Lakini jina la mtoto wangu, Nyawira... ni kijana. Akiandikwa hivyo ataajiriwa na nani? Siwezi kuliweka jina lake kwa jambo kama hilo."

"Langu uliweza," alisema Nyawira.

Manyunyu yalisikika juu ya mabati. Mzee Moffat alikunywa chai iliyobaki, akaaga, na Wahome akamsindikiza mpaka barabarani kwa sababu ndiyo adabu. Nyawira hakusimama.

Barua aliandika mwenyewe. Zilikuwa barua ishirini na tatu, kila moja na nakala ya majibu ya Nairobi na jina la Ken Moffat likiwa limeandikwa wazi kwenye mstari wa pili. Alizipeleka kwa mkono zote alizoweza kufikia, na ya Nyeri aliipeleka mwisho, maana ndiyo aliyoiogopa.

Jayshree alikuwa anampimia mteja dengu za kukaanga. Aliipokea, akaisoma akiwa amesimama pale pale kaunta, akarudi mstari wa kwanza akaisoma tena, midomo ikitembea. Mteja alikohoa. Jayshree hakumjali.

"Umeandika hapa ati ungefaa kunipigia simu mwezi wa nne," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Ni kweli. Ungefaa."

"Ndiyo, Mama Sapna."

"Bado nimekasirika."

"Hata mimi."

Jayshree aliikunja barua, akaiweka kwenye droo pamoja na funguo. "Sapna hajaniuliza kitu kuhusu ile siku mpaka leo. Anafikiria mama yake amezeeka, hajui kukaanga. Akikuja Jumapili nitampa asome." Akaongeza dengu kidogo kwenye mizani, akaangalia mshale, akapunguza. "Nenda sasa. Niko na watu."